Ukumbi wa mtaa, ngazi tatu, na maneno ya kamati

Ukisema tu ukumbi wa mtaa urekebishwe ili mtu wa wilchea au magongo aweze kuingia mwenyewe, maneno utakayosikia kwa kamati ni yale yale, uwe Kisauni, uwe Changamwe, uwe Likoni, hapa Mombasa. Mengi si kweli. Hebu tuyapitie, na mengine ntayapita mbio manake hayana uzito.

"Hapa kwetu watu wa wilchea hawako." Wako bwana, wako nyumbani, kwa sababu mlangoni mmeweka ngazi tatu. Alafu nani kasema ni wilchea peke yake? Shirika la Afya Duniani linahesabu watu bilioni 1.3 wenye ulemavu mkubwa, yani karibu mtu 1 kati ya 6, na wengi wao hata hawatumii wilchea. Kuna aliyepigwa na kiharusi upande mmoja, kuna aliyekatwa mguu kwa sukari, kuna nyanya wa magoti ambaye akifika kwenye ngazi anatafuta ukuta wa kushika na ukuta hakuna.

"Vijana wapo, watambeba." Hii ndio inaniudhi kuliko zote. Mama mtu mzima na buibui lake anyanyuliwe na vijana wanne wasio maharimu zake, watu wote wanatazama, ati tumemsaidia? Wallahi kesho haji. Na hata ukiweka heshima kando, ni hatari, mmoja akiteleza wameanguka wote, na zile wilchea za mota na betri nyingine zapita kilo 100 kabla mtu hajakaa.

"Basi wekeni rampu, yatosha." Ipi? Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, yani kila sentimita 1 ya kupanda unataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45, zidisha kwa 12 unapata mita 5 na sentimita 40. Sasa watu wanamwaga simiti mita mbili, wanapaka rangi ya manjano, wanapiga picha, kazi imeisha. Kwenye mteremko ule mtu akipanda mwenyewe kiti kinambinua kwa kisogo, na akishuka breki yake ni tuktuk iliyopaki mbele. Anayevuka feri ya Likoni maji yakipwa anajua, mteremko wa kuingilia unakuwa mkali mpaka wa mkokoteni anaita watu wamsukumie, na huyo ana miguu miwili mizima.

Nafasi hamna? Kunja rampu: ipande, ifike mahali bapa pa mita 1.5 hivi pa kugeuzia kiti, irudi upande wa pili. Au angalia mlango wa ubavuni, pengine hauna ngazi hata moja (mradi sio ule wa kupitia kwenye masufuria ya pilau, mgeni haingizwi jikoni). Na mwambie fundi asipige niru, ile simiti laini ya kung'arishwa, juu ya rampu. Niru yapendeza lakini ikinyesha mtu wa magongo amekwisha. Simiti ikiwa bado mbichi buruta ufagio wa chelewa kukingama mteremko ubaki na mikwaruzo, hiyo haina bei. Reli za kushika ziwe pande zote mbili, kimo cha sentimita 86 mpaka 96, na ziwe za paipu ya mabati, chuma cheusi cha kupaka rangi hapa pwani chumvi inakila haraka na mtu anashika kutu.

"Mlango ni mpana, hata jeneza lapita." Jeneza labebwa juu juu, wilchea yatambaa chini. Pima uwazi wenyewe mlango ukiwa umefunguliwa, usipime fremu, unataka upana wa sentimita 80 au zaidi. Ile milango ya mbao ya kizamani ya mabawa mawili, ukifungua bawa moja mtu wa kiti hapiti, itabidi ufungue yote mawili, na chini kuna kizingiti. Kizingiti cha sentimita 2 au 3 sisi twakiruka bila kukiona, ila tairi ndogo za mbele zinagota pale na aliyekaa anarushwa mbele. Na kitasa cha mviringo kitoe, weka cha kubonyeza chini, hata kiwiko kinafungua.

Choo sasa. Watu wanadhani choo kikiwa kikubwa basi. Lazima kiti kigeuke ndani, ile ile mita 1.5 ya kugeuzia, na pawe na nafasi ubavuni mwa bakuli ya mtu kujihamisha. Mlango ufunguke kwa nje, manake akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani mtamtoaje? Vyuma vya kushika vifungwe kwenye ukuta imara vibebe mtu mzima, sio skrubu mbili kwenye plasta. Bomba na kopo viwe karibu na mkono wa aliyekaa. Na jamani, hicho choo sio stoo ya mifagio.

"Ni gharama." Ukirekebisha jengo lililosimama ndio, kuna gharama. Ukichora kabla ya msingi ni kidogo sana. Na kuna mambo ni bure kabisa, kuhamisha mkutano kutoka ghorofani uje chini, kuacha njia pana kati ya viti vya plastiki.

"Ni hisani tu." Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 54 chasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote, usafiri wa umma na habari kwa kiasi kinachofaa. Kabla ya hapo sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilikuwa inawataka wenye majengo ya umma wayarekebishe, na 2025 ikaja sheria mpya badala yake. Kwa hivyo msisubiri mfadhili awape moyo.

La mwisho, "tushajenga tumemaliza". Bodaboda zapaki kwenye rampu, mlango wa ubavuni una kufuli, ufunguo anao mzee aliyekwenda Mtwapa. Ufunguo ukae hapo hapo ukumbini, na kabla fundi hajachanganya simiti muiteni anayetembelea magongo ajaribu njia yote, kutoka pale tuktuk inapomshusha mpaka chooni.