Uvimbe mkubwa si lazima uwe ndio chimbuko

Wiki hii tena simu imelia kabla sijafungua ndoo ya formalini, dawa ya kuhifadhia viungo vinavyoletwa kwangu maabara nivichunguze kwa darubini. "Daktari, ovari ya kulia sentimita 18, kidole tumbo kimenenepa kidogo tu. Ni saratani ya ovari iliyosambaa, sivyo?" Sijui bado! Na kidole tumbo chenyewe hakikuletwa maabara.

Wenzangu wa upasuaji hapa Mombasa, nawasihi. Uvimbe wa ute wa daraja la chini, yaani unaokua polepole, ukitoboa ukuta wa kidole tumbo, ute humwagika tumboni, seli zikatua kwenye ovari, hasa ya kulia, na huko hunawiri. Ovari inakuwa kama boga, kidole tumbo kinabaki kama kidole cha mtoto. Daktari Werth alipoipa jina pseudomiksoma, yaani hali ya ute kujaa tumboni, mwaka 1884, aliihusisha na ovari. Leo tunajua karibu zote chanzo chake ni kidole tumbo.

Kinachoniudhi zaidi ni ile kanuni ya sentimita 13: uvimbe wa ute ulio upande mmoja na unaozidi hapo, eti ni wa ovari yenyewe. Kanuni hiyo inasaidia kwa saratani nyingi zinazohamia ovari, lakini hizi za kidole tumbo ndizo zinazoivunja. Kwa hiyo naacha rula, natazama seli ziko wapi. Zimekaa juu ya uso wa ovari? Ute umepasua tishu na kuelea humo bila seli? Hapo nashuku umetoka utumbo, hasa kidole tumbo, hata kama uvimbe unajaza beseni.

Kisha rangi za maabara zinazoonyesha protini za seli. CK20 na SATB2, protini za seli za utumbo, zikiwaka, na CK7, ambayo huwaka zaidi kwenye uvimbe wa ovari yenyewe, ikizima, naelekea kidole tumbo. Naelekea tu, maana uvimbe wa ute uliozaliwa ndani ya teratoma ya ovari, uvimbe unaoweza kuota nywele na meno, unaweza kuwaka vivyo hivyo. Ndiyo maana narudi kwenye ndoo kutafuta nywele, ngozi, jino, na naongeza vipande. Zipo ripoti nilizosaini kwa neno "yaelekea", na nikalala nikiziwaza, kwa sababu mama anayevuka feri kutoka Likoni kuja kuchukua majibu ataanzishiwa dawa kwa neno hilo.

Basi kileteni kidole tumbo, hata kikionekana hakina dosari. Kileteni chote, msikikate vipande. Nitakipitisha chote kwenye darubini, kutoka ncha hadi shina.