Je, umeme wa maji wa Ethiopia unapunguza moshi Kenya?

Tangu Novemba 2022 Kenya hununua umeme kutoka Ethiopia, megawati 200 kwa kuanzia, kwa mkataba wa miaka 25. Unasafiri kilomita 1,045 kutoka Wolayta Sodo hadi kituo cha Suswa, katika Bonde la Ufa. Sehemu kubwa ya umeme wa Ethiopia hutokana na maji, na hapo ndipo wengi hufikia jibu la haraka: maji hayana moshi, basi kila uniti inayovuka mpaka inapunguza hewa ukaa nchini Kenya.

Sivyo. Usafi wa umeme unaoingia hauamui jambo peke yake. Kinachoamua ni mtambo upi umepunguzwa ili kuupisha.

Gridi haina ghala la maana. Umeme unaozalishwa sekunde hii hutumika sekunde hii, na ukizidi, lazima mtu apunguze. Chukua shughuli ya harusi yenye wapishi wawili, mmoja anapikia kuni, mwingine gesi, na wageni ni walewale. Jirani akituma sufuria mbili za pilau, mpishi mmoja atapumzika. Akipumzika wa kuni, moshi uani unapungua. Akipumzika wa gesi, wageni wameshiba vilevile na moshi uko palepale, ingawa pilau ya jirani ilipikwa bila moshi hata kidogo. Kwa hiyo ukitaka kujua faida ya ile pilau, mtazame mpishi aliyekaa chini.

Sasa tazama saa. Kati ya saa moja na saa nne usiku Wakenya wako nyumbani, taa zinawaka, na mitambo ya mafuta kama ile ya Kipevu, Mombasa, inahitajika. Umeme wa Ethiopia wa saa hizo unaweza kumpumzisha mpishi wa kuni. Ni hivyo pia miaka ya ukame, mabwawa ya Mto Tana yanapopungua maji na mafuta kuanza kuziba pengo.

Usiku wa manane mambo hugeuka. Matumizi yameshuka sana, ilhali mvuke wa Olkaria, wenye kuzungusha mitambo ya jotoardhi, unaendelea kutoka ardhini. Visima vya jotoardhi si bomba la kufunga na kufungua kila saa. Huko Loiyangalani nako upepo hupenda kuvuma usiku, na mitambo yake ya megawati 310 inaleta umeme kwenye kituo kilekile cha Suswa. Kenya tayari hupata takribani asilimia 90 ya umeme wake kutoka vyanzo jadidifu, hivyo saa hizo anayepunguzwa huwa ni mvuke unaoachiwa hewani au upepo unaopita bure. Hakuna moshi uliookolewa. Ndiyo sababu naiona bei nafuu ya usiku ya kuchaji magari na pikipiki za umeme, iliyoanza 2023, kuwa sera ya mazingira hasa: inaongeza wageni saa ambayo chakula kingemwagwa.

Halafu kuna maji yenyewe, na hapa ndipo habari inaponishangaza kila mara. Njia hii ya umeme inaanzia jirani na bonde la Mto Omo, lilipo bwawa la Gibe III, lenye ukuta wa mita 243 na uwezo wa megawati 1,870. Omo huliletea Ziwa Turkana zaidi ya asilimia 80 ya maji yake, na sehemu kubwa ya ziwa hilo iko Kenya. Mnunuzi wa umeme ndiye mwenye ziwa.

Tahadhari mbili. Umeme wa mkataba hautoki bwawa moja. Gridi ya Ethiopia huchanganya mito mingi, ukiwemo Nile ya Buluu. Tena, bwawa la umeme halimezi maji mengi kama mashamba ya miwa ya Kuraz yanayomwagiliwa chini yake. Kina cha ziwa kilishuka bwawa lilipokuwa likijazwa kuanzia 2015, na UNESCO ikaziweka mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Kisha mvua kubwa zikaja, ziwa likapanda hadi kufunika makazi ya ufukweni.

Kupanda huko hakulifuti tatizo, kwa sababu bwawa hubadili zaidi majira kuliko wingi. Mafuriko ya Omo ndiyo yaliyokuwa yakisukuma rutuba ziwani wakati samaki wanapozaana, na yalipokwisha kupita, Wadaasanach, watu wa bonde la chini la Omo, walipanda mtama kwenye tope lililobaki kingoni. Turbini zinataka maji sawasawa mwaka mzima. Mpango wa awali wa Gibe III ulikuwa na mafuriko ya kupangwa, siku kumi kila mwaka, ili kuiga yale ya asili. Kenya imefunga mkataba wa miaka 25 na muuzaji. Siku hizo kumi zingestahili kuwamo ndani yake.