Ripoti ya Daktari wa Kazini Haiskaniwi Pamoja na Barua ya Ajira

Tangu waajiri wengi nchini Kenya waanze kuhamisha faili za wafanyakazi kutoka kabatini hadi kwenye kompyuta, malalamiko kuhusu siri za afya yamezidi, na mengi yanafanana: msimamizi wa zamu anajua jambo ambalo mfanyakazi alimwambia daktari peke yake.

Mwajiri anayesema "uchunguzi wa daktari nimeulipia, kwa hiyo ripoti ni yangu" amekosea, na hoja hii tumeshaijibu mara nyingi mno. Haki yake ni kupata hitimisho: mfanyakazi anafaa kazi, anafaa kwa masharti, au hafai. Kwa fundi wa kiwanda chenye kelele, cheti kinaweza kuandikwa "asipangwe chumba cha jenereta", basi. Vipimo vya masikio, majibu ya damu na dawa anazotumia hubaki kwa daktari. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka data za afya zishughulikiwe na mtoa huduma za afya au chini ya dhamana yake, ama na mtu anayebanwa kisheria na wajibu wa kutunza siri za taaluma. Afisa wa rasilimali watu haingii humo kwa kuwa tu ana nywila. Hata ruhusa ya ugonjwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai cheti cha daktari kwamba mtu hawezi kufanya kazi. Haidai jina la ugonjwa.

Uharibifu hutokea siku ya kuskani. Karani huchukua faili nzima, mkataba, barua za onyo na majibu ya maabara, akatoa PDF moja. Kuanzia hapo kila anayeruhusiwa kuona mkataba anaona na majibu ya maabara, kwa sababu mfumo haufungi ukurasa mmoja mmoja. Tenganisheni karatasi kwanza. Ripoti zirudi kwa daktari katika bahasha iliyofungwa, kiskaniwe cheti peke yake. Faili iitwe "cheti cha kufaa kazi" na tarehe. Ukiipa jina la kipimo, siri imetoka kabla haijafunguliwa. Kabrasha (folda) lake lisirithi ruhusa za kabrasha kuu, yaani anayeruhusiwa kufungua kabrasha kuu asilifungue hili moja kwa moja. Kisha ingieni kwa akaunti ya msimamizi wa zamu mtafute jina la mfanyakazi: ipo mifumo inayoficha faili lakini ikaonyesha mistari yake kwenye matokeo ya utafutaji. Akaunti moja inayotumiwa na ofisi nzima ifungwe, maana haionyeshi nani alifungua nini.

Siri ikivuja na kukawa na hatari halisi ya madhara, mwajiri ana saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data, anayesimamia Sheria ya Ulinzi wa Data. Kampuni inayomhifadhia data ina saa 48 kumwarifu mwajiri. Mfanyakazi naye aandikiwe. Faini ya kiutawala hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo kati ya viwili, si kile kikubwa kama inavyosambazwa. Kutoa data bila idhini ni jinai: faini isiyozidi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Fomu ya ridhaa ya jumla iliyosainiwa siku ya kuajiriwa si kinga. Ridhaa lazima itaje jambo mahususi, na inaweza kuondolewa wakati wowote.

Kwa wafanyakazi: kudai ripoti yote ifutwe hakutafaulu pale sheria inapotaka kumbukumbu ya uchunguzi itunzwe. Mnachoweza kuomba ni nakala, ambayo hutolewa ndani ya siku 7, na marekebisho, ndani ya siku 14. Malalamiko kwa Kamishna hupokewa kwa maandishi au kwa mdomo, na huchunguzwa ndani ya siku 90. Mkiambatisha picha ya skrini, funikeni kwanza majina ya wenzenu na ya magonjwa yao.