Onyo Likitaja Faili la Inbox, Usikimbilie Kufuta

Mwezi wa Juni, mwaka wa fedha wa Uganda unapokaribia kufungwa tarehe 30, simu huongezeka katika ofisi yangu hapa Kampala, na nyingi huanza kwa maneno yaleyale: mashine imesema kuna virusi kwenye barua pepe. Mwaka huu mmoja wa waliopiga alikuwa karani wa ofisi ya uwakala wa forodha kule Malaba, ambaye tayari alikuwa ameweka kishale juu ya kitufe cha kufuta. Nilimwomba aondoe mkono kwenye kipanya, kisha anisomee onyo lote bila kuruka neno. Lilisema kwamba ujumbe wa hadaa, yaani barua ya kitapeli ya kumnasa msomaji atoe siri zake, umegunduliwa, likataja mlolongo mrefu wa folda, na mlolongo huo ukaishia kwa neno moja: Inbox.

Karani alidhani Inbox ni jina la ile barua mbaya, kumbe ni ghala zima la barua zinazoingia. Thunderbird, programu ya barua pepe ambayo ndiyo waliyokuwa wakiitumia, kwa kawaida huhifadhi kila folda ya barua katika faili moja kwa mpangilio uitwao mbox, yaani barua ya kwanza, chini yake ya pili, chini yake ya tatu, zote zikifuatana kama maandishi ya daftari moja. Outlook nayo huweza kukusanya barua, kalenda na anwani zote ndani ya faili moja la pst. Kwa hiyo antivairasi inayopekua diski hukuta faili moja kubwa ambalo ndani yake mna kipande kinachotiliwa shaka, na ukiiamuru iondoe tishio, inaweza kuliondoa faili lote pamoja na ankara, hati za mizigo na mazungumzo ya miaka mingi na wateja.

Hapa inafaa kutofautisha hadaa na virusi. Ujumbe wa hadaa ambao hauna kiambatisho ni maneno na kiungo tu; ukiwa umelala kwenye diski hauwezi kufanya lolote mpaka mtu aufungue, auamini na kukibofya kiungo hicho. Hata namna ya kuugundua mara nyingi ni ya kukisia. Antivairasi iitwayo ClamAV, kwa mfano, ina onyo linaloitwa Heuristics.Phishing.Email.SpoofedDomain, ambalo hutolewa pale anwani inayoonekana kwa msomaji inapotofautiana na anwani ambayo kiungo kinaelekea kwa kweli. Matapeli hufanya hivyo, lakini hata kampuni halali zinazopitisha viungo vyao kwa mtu wa kati ili kuhesabu wanaobofya hufanya hivyo, na ndiyo maana tangazo la kawaida la benki huweza kushutumiwa bure.

Ujumbe wa Malaba haukuwa wa kushutumiwa bure. Ulijifanya unatoka kwa wenye meli, ukidai kwamba kontena lililoko Mombasa linaanza kutozwa ada ya kuhifadhiwa kuanzia kesho yake. Karani alinishangaza aliposema, "Lakini fundi, hiyo barua nilishaifuta wiki jana."

Nilimwamini. Tulitengeneza nakala ya faili la Inbox, tukaifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi, na barua ilikuwamo, nzima. Juu yake palikuwa na mstari huu: X-Mozilla-Status: 0009. Tarakimu hizo ni jumla ya alama mbili, 0001 inayomaanisha kwamba barua imesomwa na 0008 inayomaanisha kwamba imefutwa. Thunderbird haiikati barua papo hapo, kwa sababu kuliandika upya faili kubwa kila unapofuta kungeichosha mashine. Huitia alama, huificha machoni pako, na kuiacha hadi folda itakapobanwa, yaani faili lake liandikwe upya bila barua zilizofutwa. Amri yenyewe imeandikwa Compact, nawe huipata kwa kubofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Kwa kuwa barua iliyofutwa huhamia kwanza kwenye pipa la takataka, ambalo nalo ni faili jingine, pipa pia lazima limwagwe. Kabla ya kubana, weka nakala kwenye flashi na uhakikishe kompyuta ina betri, maana umeme wetu hauombi ruhusa kabla ya kukatika.

Wanaotumia IMAP, yaani njia ambayo barua hukaa kwenye seva na kompyuta huwa na nakala tu, wafutie barua ndani ya programu yenyewe, ili ifutike na kule kwenye seva. Ukilifuta faili lililoko kwenye kompyuta peke yake, barua zote zitashuka upya, ile ya hadaa ikiwemo, na bando lako ndilo litakalolipa.

Ikiwa antivairasi imekwisha kulipeleka faili karantini, mahali inapofungia mafaili inayoyashuku, usikate tamaa. Funga Thunderbird, badilisha jina la Inbox mpya iliyojitengeneza ili barua zilizoingia baadaye zisipotee, kisha ndipo ulirejeshe la zamani. Wapo wanaoiambia antivairasi isipekue kabisa folda ya barua. Sipingi, kwa kuwa kiambatisho huweza kukaguliwa kinapofunguliwa, ila nataka hilo lifanywe baada ya barua mbaya kupatikana na kuondolewa.

Tulipomaliza kubana, onyo halikurudi. Nilimuuliza karani swali ambalo antivairasi haiwezi kulijibu: "Dada, kuna mtu aliyekibofya kile kiungo?" Alikaa kimya kidogo, akasema mwenzake alikibofya na kuandika neno la siri, kisha ukurasa ukagoma. Tuliingia kwenye akaunti ya barua kwa kupitia mtandao, tukabadilisha neno la siri, tukaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, na tukafungua orodha ya kanuni za kuelekeza barua. Ilikuwamo kanuni moja ambayo hakuna aliyekumbuka kuiweka, iliyopeleka kila barua yenye neno ankara kwenye anwani ya nje. Tuliifuta, na jioni ile karani alianza kuwapigia simu wateja mmoja baada ya mwingine, akiwasomea namba sahihi ya akaunti ya benki ya ofisi, wasije wakamlipa tapeli.