Mteja kageuza njiani, we umejuaje alichokuwa anataka?

Chukulia uko Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, saa saba mchana, njaa inauma. Mama lishe wa sato unamuona hapo hapo, alafu nyuma ya kontena kuna sehemu ambayo leo anakaa wa dagaa kesho anakaa wa pilau, mpaka uzunguke ndo ujue nani yupo. Jamaa mmoja anampita mama wa sato, anazunguka kontena, anachungulia, anakuta dagaa, anarudi zake kwa sato. Alikuwa anataka nini?

Pilau! Na leo pilau haipo hata harufu, yani umesoma hamu ya mtu kwa kitu ambacho hukijaona.

Sisi watu wa kompyuta hapo ndo tunakuna kichwa, kompyuta nayo itasomaje hamu ya mtu hivyo? Kule chuo cha MIT Marekani, Chris Baker, Rebecca Saxe na Joshua Tenenbaum walitoa kazi ya utafiti 2009 na nyingine 2017, na hiyo ya pili inafanana kabisa na stori yetu, ila wao walichora mwanafunzi anayetafuta magari ya chakula, la Kikorea, la Kilebanoni na la Kimeksiko. Kwanza programu yao ya kompyuta inajua kupanga safari: ukitaka kitu fulani na unadhani kipo mahali fulani, utapita wapi bila kuchosha miguu bure. Alafu wanaipindua, njia tunaiona tayari, je mtu alikuwa anataka nini na anadhani nini mpaka akapita hivyo? Kila jibu linapewa uzito kwa kanuni ya Bayes, hesabu ya kupima jibu lipi linaelekea kuwa kweli ukishaona ushahidi, ile iliyochapishwa 1763 Bayes mwenyewe kashafariki. Angetaka sato asingezunguka, angependa dagaa zaidi angebaki kule, basi uzito wote unaelemea pilau. Na ukiiambia programu kwamba jamaa alijua toka mwanzo nyuma kuna dagaa inachanganyikiwa, maana alizunguka kufuata nini sasa?

Majibu yake yalikaribiana sana na ya watu wa kawaida walioonyeshwa michoro ile ile.

Ila mi nina neno. Programu inapima sababu ulizoipa tu. Labda jamaa alizunguka kupokea simu, au ana deni la wiki iliyopita kwa mama wa sato, akajaribu kumkwepa njaa ikamshinda. Hilo la deni mama analijua fasta kuliko kompyuta yoyote, daftari analo.