Pikipiki Mpya ya Safari Ndefu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Siku unapotoka dukani na pikipiki mpya ya safari ndefu, washauri hawakosekani. Huyu anakwambia badilisha ekzosi, yule anasema kioo hicho cha kukinga upepo ni kifupi, wa tatu anaapa kwamba ukigusa hata skrubu moja waranti imekwisha. Nimewasikiliza wote, na baadhi ya niliyoyafuata yalinigharimu kioo kimoja, kiti kimoja na usiku wa wasiwasi barabarani. Nikiulizwa leo nasema: iendeshe kwanza kama ilivyo, ikiwa na mzigo utakaoubeba kweli, ndipo itakuonyesha inataka nini.

“Injini mpya iende polepole, spidi ileile, hadi izoee”

Nusu yake ni kweli. Kuivuta hadi mwisho wa gesi katika siku za mwanzo ni kuitesa. Lakini kuibembeleza kwa spidi moja kutwa nzima nako kuna madhara yake. Ringi za pistoni hukaa sawa kwenye ukuta wa silinda kwa sababu shinikizo la gesi linazisukuma kutoka nyuma. Injini isipopewa kazi, ringi hazisukumwi vya kutosha, ukuta unasuguliwa hadi unang'aa kabla hazijashika, na baadaye injini inaanza kula oili. Inachotaka ni mabadiliko: panda na ushuke, pita vilimani, tumia gia zote, na usiilazimishe kuvuta kwa gia kubwa huku inatetemeka.

Kitabu cha pikipiki kinataja kikomo cha mizunguko ya injini kwa kilomita za mwanzo, na servisi ya kwanza kwa kawaida huwa karibu na kilomita 1,000. Usiiahirishe. Oili ya servisi hiyo huwa na chembechembe za chuma zilizotoka kwenye vyuma vinavyozoeana. Halafu kuna wanaoilinda injini wakasahau tairi: tairi jipya lina uso laini unaoteleza, kwa hiyo kilomita 150 au 200 za kwanza kona zichukuliwe kwa upole.

“Pikipiki ikilemewa, kaza springi iwe ngumu”

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa na wiki tatu tu na pikipiki. Tulitoka mimi na mke wangu, masanduku yamejaa, giza likatukuta njiani. Kila gari lililokuja mbele lilitumulika. “Mbona wote wanatumulika?” aliniuliza. Nilishusha taa hadi ya chini, nikaikagua mara mbili, wakaendelea. Usukani nao ulikuwa mwepesi isivyo kawaida, na kwenye kona pikipiki ilitaka kwenda nje. Tuliposimama kujaza mafuta nilimwomba abaki amekaa, nikasogea pembeni kuitazama: mkia ulikuwa umezama, pua imeinuka, na taa ya mbele ilikuwa inapiga machoni mwa watu.

Kirekebisho kile cha springi ya nyuma, kiwe cha kuzungushwa kwa mkono au cha kubonyeza kitufe, hakiongezi ugumu wa springi. Springi ya kawaida ina ugumu wake iliotoka nao kiwandani. Unachobadilisha ni kimo ambacho pikipiki inakaa ikiwa imebeba uzito. Ikikaa chini mno inazama mkia kama yetu, na shimo la kwanza linaipigisha hadi mwisho. Ukiikaza mno na huku uko peke yako, gurudumu halina nafasi ya kushuka kufuata bonde dogo la barabara, nalo linaruka.

Kuipima ni kazi ya dakika kumi na watu wawili. Isimamishe kwa stendi ya katikati gurudumu la nyuma lining'inie, bandika kipande cha tepu mkiani juu ya ekseli, pima kutoka ekseli hadi kwenye tepu. Kisha ishushe, kaa juu yake ukiwa na helmeti, koti na mzigo wako wote, mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo iwe karibu theluthi moja ya urefu wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Gurudumu likitembea milimita 150, basi milimita 45 hadi 50 inatosha. Kama umekaza hadi mwisho na bado inazama zaidi ya hapo, springi yenyewe ni laini kwa uzito wenu, na hapo ndipo kununua nyingine kuna maana.

“Ekzosi yenye kelele inaokoa maisha”

Sauti ya ekzosi inaelekea nyuma, na hatari nyingi ziko mbele. Timu ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California ilichunguza ajali 900 za pikipiki zikiwa bado barabarani, ikatoa ripoti mwaka 1981: zaidi ya robo tatu ya hatari zilitokea mbele ya mwendeshaji, ndani ya nyuzi 45 kila upande. Ajali ya kawaida ya pikipiki na gari ilikuwa ya dereva aliyekata njia kwa sababu hakuiona pikipiki. Dereva huyo amefunga vioo, redio inaimba, na sauti yako itamfikia vizuri ukishampita. Anachohitaji ni kukuona. Koti la rangi kali, taa inayowaka mchana, na kutojificha nyuma ya lori vinakusaidia zaidi ya ekzosi yoyote. Na masikio ya kwanza kuumia kwa kelele ile, saa nane kwa siku, ni ya abiria wako.

“Kioo kirefu ndicho tulivu”

Nilinunua kirefu kuliko vyote nilivyoona, na kichwa changu kikawa kinatikiswa kama chungio. Upepo unaopita juu ya ukingo wa kioo unavunjika na kuwa mizunguko. Ukingo ukiwa usawa wa macho, mizunguko hiyo inaangukia kwenye helmeti. Kioo kifupi kinachofikisha upepo safi kichwani mara nyingi kina kelele kidogo kuliko kirefu kibaya. Kwa wengi, ukingo ukiwa usawa wa pua au chini kidogo, ukaona barabara juu ya kioo badala ya kupitia ndani yake, unakuwa mahali pake. Ukitaka kujua tatizo liko wapi, kwenye barabara nyoofu isiyo na magari kanyaga vikanyagio vya miguu uinuke kitini inchi mbili hivi. Kelele ikikatika ghafla, kichwa chako kilikuwa ndani ya mizunguko.

Hata kioo kizuri hakitoshi kwa masikio. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Fuata hesabu hiyo: kwa desibeli 100 umebaki na dakika 15. Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwenye barabara kuu inaweza kufika hapo. Vizibo vya masikio ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha yako, na ningevinunua kabla ya kitu kingine chochote.

“Sanduku likiwa na nafasi, pakia”

Tafuta kwenye kitabu uzito wa juu unaoruhusiwa, utoe uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta. Tuseme ni kilo 560 kutoa 360: zimebaki 200. Nyinyi wawili na mavazi yenu mnakula 165. Masanduku matatu ya alumini na vyuma vyake, matupu, yanaweza kufika 20. Nguo, vifaa na maji vimebakiwa na kilo 15. Sanduku la juu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa liko nyuma ya ekseli: kila kilo unayoweka pale inaipunguzia gurudumu la mbele uzito, na kwa spidi kubwa usukani unaweza kuanza kutikisika. Soma kibandiko kilicho ndani ya mfuniko. Vitu vizito vikae chini na karibu na kiti, koti la mvua liende juu. Na presha ya tairi ya watu wawili ni tofauti na ya mmoja. Ipime tairi likiwa baridi.

“Ukifunga spea ya nje, waranti imekufa”

Nchini Marekani sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kukulazimisha utumie spea za chapa yake ili waranti ibaki hai. Lakini spea yako ikisababisha uharibifu, uharibifu huo ni wako. Kwingine soma karatasi ulizopewa. Ugomvi mwingi huanzia kwenye nyaya: mtu amekata waya wa taa ili apate umeme wa taa za ziada, na pikipiki za siku hizi, ambazo kompyuta inapima kila mkondo, zinazima saketi nzima. Chukua umeme kwenye betri, weka fyuzi karibu nayo, tumia rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme.

“Oili ni oili”

Kama klachi yako inaogelea kwenye oili ya injini, tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili inayofaa klachi za namna hiyo. Oili ya gari iliyotengenezwa ili kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze.

“Kuirekebisha ni kununua”

Nilinunua kiti laini kwa ajili ya mgongo. Baada ya saa mbili sponji ilikuwa imelala, nikakalia ubao. Kilichoniponya mikono na mabega hakikuwa na bei: bolti mbili za vishikio vya breki na klachi. Kaa kama unavyokaa safarini, fumba macho, shika usukani, nyoosha vidole. Viangukie moja kwa moja juu ya vishikio vile, kifundo kikiwa kwenye mstari mmoja na kiganja na mkono wa mbele. Kama kifundo kinavunjika kwenda juu, legeza, shusha kidogo, jaribu tena. Ukimaliza kaza, kisha geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia, uhakikishe hakuna kebo wala bomba la breki linalovutika.