Uchechemuzi wa mtandaoni kuhusu sheria za akili mnemba ni nini?

Uchechemuzi ni kazi ya kumsukuma mwenye mamlaka abadili sheria, sera au utaratibu fulani. Kazi hiyo ikifanyika kupitia X, TikTok, Facebook, Instagram au makundi ya WhatsApp, na shabaha yake ikiwa kuiwekea akili mnemba mipaka ya kisheria, ndiyo dhana tunayoieleza hapa. (Kwa Kiingereza ni AI; Wakenya wengi husema akili unde, kitu ni kilekile.)

Watu huichanganya na malalamiko. Ukiandika kwamba programu ya mikopo imekunyima pesa bila kukupa sababu, umelalamika, na una haki ya kulalamika. Uchechemuzi unaanza pale unapomtaja mwenye uwezo wa kubadili jambo, ukasema unataka abadili nini, kisha ukawakusanya wengine waseme hivyohivyo mpaka ashindwe kujifanya hajasikia. Bila hayo ni kelele za chura, na ng'ombe ataendelea kunywa maji yake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa England mwaka 2020. Mitihani ya A-level, ile ya kumaliza sekondari na kuombea nafasi ya chuo kikuu, ilifutwa kwa sababu ya Uviko-19. Ofqual, chombo kinachosimamia mitihani huko, kikaamua kukokotoa alama kwa kompyuta. Walimu walipeleka makadirio yao na kuwapanga wanafunzi kuanzia bora hadi wa mwisho, halafu hesabu ikazirekebisha alama kwa kuangalia jinsi shule ilivyofaulu miaka ya nyuma. Matokeo yalitoka tarehe 13 Agosti. Karibu asilimia 40 ya alama zilikuwa chini ya makadirio ya walimu. Mwanafunzi hodari katika shule isiyo na historia ya kufaulisha alivutwa chini na matokeo ya watu asiowahi kuonana nao. Madarasa madogo, ambayo hupatikana zaidi kwenye shule binafsi, yalinufaika kwa sababu huko makadirio ya mwalimu yalipewa uzito mkubwa zaidi.

Vijana wakaingia mtandaoni. Hawakuandika insha kuhusu maadili ya teknolojia. Waliweka hadharani alama walizokadiriwa na zile walizopewa, wakaeleza nafasi za vyuo zilizowaponyoka, wakamtaja waziri wa elimu kwa jina, na wakapanga kukutana London kuandamana. Dai lilikuwa moja: rudisheni alama za walimu. Tarehe 17 Agosti, siku 4 tu baada ya matokeo, serikali ikasalimu amri. Wataalamu watasema ule mfumo haukuwa akili mnemba bali takwimu za kawaida. Ni kweli, ila kwa aliyepoteza nafasi ya chuo tofauti hiyo haikumsaidia kitu.

Angalia lakini walichopata. Uamuzi ulifutwa, basi. Maandamano yale hayakuacha nyuma sheria ya kuzuia hesabu nyingine ya kompyuta isije kuamua hatima ya watu wengine.

Kutunga sheria huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo kampeni nyingi hufia. Januari 2024 picha bandia za uchi za mwimbaji Taylor Swift, zilizotengenezwa kwa akili mnemba, zilisambaa X; chapisho moja lilitazamwa zaidi ya mara milioni 45 kabla ya kuondolewa. Mashabiki waliijaza hashitagi ya #ProtectTaylorSwift picha zake za kawaida ili zile chafu zizame, na X ikazuia kwa muda watu wasitafute jina lake. Ingeishia hapo, ingekuwa habari ya nyota aliyetetewa na mashabiki wake. Lakini wasichana wa sekondari waliofanyiwa jambo hilohilo na wanafunzi wenzao, pamoja na wazazi wao, walikuwa wakigonga milango ya watunga sheria. Muswada wa Take It Down uliwasilishwa katika Seneti ya Marekani mwaka huohuo na maseneta Ted Cruz wa chama cha Republican na Amy Klobuchar wa chama cha Democrat, na Rais Trump akausaini tarehe 19 Mei 2025. Sheria hiyo inafanya kuwa kosa la jinai kuchapisha picha za faragha za mtu bila ridhaa yake, ziwe halisi au za kutengenezwa, na inazitaka kampuni ziziondoe ndani ya saa 48 mhusika akiomba. Mtandao ulilifanya jambo lisipuuzike. Waliolisindikiza hadi likawa sheria ni watu walioendelea kufuatilia vikao hashitagi ilipokwisha kusahaulika.

Aina hii ya uchechemuzi ina ugumu wake wa pekee. Nani aone chapisho lako huamuliwa na mfumo wa akili mnemba, tena wa kampuni ambayo pengine ndiyo unayotaka ibanwe. Umoja wa Ulaya, kupitia sheria yake ya huduma za kidijitali, umezilazimisha kampuni zieleze vigezo vikuu vya mifumo hiyo, na majukwaa makubwa kabisa yampe mtumiaji njia ya kuona machapisho bila kupangiwa kwa kufuata tabia zake. Haki hiyo ni ya walioko Ulaya.

Halafu si kila anayeomba sheria anaomba ileile. Mei 2023 Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, aliiambia Seneti ya Marekani kwamba akili mnemba inahitaji kusimamiwa. Mwezi uliofuata jarida la Time likaripoti kwamba kampuni yake ilikuwa imewashawishi maofisa wa Ulaya walegeze baadhi ya vipengele vya sheria waliyokuwa wakiiandaa. Kabla hujasambaza wito wowote, soma unaomba nini hasa na wenye biashara wameusaini kwa nini.

Kwetu Afrika Mashariki, kazi niliyoiona imekwenda kwa mpangilio ni ya Nairobi. Julai 2023 vijana waliowahi kuchuja maandishi ya kutisha ili kuifunza ChatGPT, kwa malipo ambayo Time iliripoti kuwa chini ya dola 2 kwa saa, walipeleka ombi katika Bunge la Taifa la Kenya. Walitaka uchunguzi ufanyike, na itungwe sheria ya kuwalinda wanaofanya kazi hatari za kiteknolojia kwa niaba ya kampuni za nje. Habari zake zilienea mitandaoni, lakini kilichoenea kilikuwa hati rasmi, yenye nguvu ya ibara ya 119 ya Katiba ya Kenya inayompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake.

Vishikio vya kisheria vya namna hiyo vipo zaidi ya watu wanavyodhani. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mashine peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake hupokea malalamiko. Chapisho linalotaja kifungu, likaambatanishwa na barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri, humpa hata mwandishi wa habari kitu cha kufuatilia wiki ijayo.